Umevunjika au Umeteguka? Mwongozo wa Kukadiria Mvunjiko wa Kifundo cha Mkono kwa Mtu Mzima

Mtu mzima akianguka hujikinga kwa kiganja, na uzito wote wa mwili hushukia kwenye kifundo cha mkono. Anapokufikia, kifundo kimevimba, kinauma, na anataka kujua jambo moja tu: mfupa umevunjika au umeteguka? Nawe unapaswa kuamua apigwe picha au asipigwe, afungwe mkono au arudi nyumbani na dawa ya maumivu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa wanaokuwa wa kwanza kukutana na mgonjwa huyo: daktari, tabibu, muuguzi wa dharura, mtaalamu wa fiziotherapia. Unahusu watu wazima pekee. Mifupa ya watoto ina sehemu laini za kukulia na huvunjika kwa namna zake, hivyo yaliyomo humu yasihamishiwe kwao.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: ukiacha umbo lililopinda waziwazi, hakuna dalili moja inayotosha kukuambia kama mfupa umevunjika, na hata picha ya eksirei haitoshi peke yake. Kinachotabiri ni mkusanyiko wa dalili, ukipimwa kwa wakati wake. Kila swali unalouliza na kila mahali unapobonyeza kunapandisha au kushusha kiwango cha shaka. Mwishoni unaamua kufuatana na shaka iliyobaki, siyo kufuatana na picha tu.

Hatua ya 1: Tafuta yasiyoweza kusubiri

Kabla ya kukadiria chochote, vua pete, bangili na saa. Vidole vikishavimba, pete hugeuka kuwa kamba, na kuikata baadaye ni shida kwa wote.

Kisha angalia mambo manne haraka. Je, kuna jeraha karibu na mahali palipoumia, hata dogo kama tundu? Jeraha juu ya mfupa unaoshukiwa kuvunjika lihesabiwe kuwa mvunjiko wazi mpaka ithibitike vinginevyo, kwa sababu vijidudu vina njia ya kuufikia mfupa. Je, vidole vina joto na rangi yake, na damu hurudi haraka ukibonyeza kucha na kuachia? Je, anahisi mguso wako kwenye ncha za kidole cha shahada, kidole cha mwisho, na ngozi ya mgongo wa mkono kati ya kidole gumba na cha shahada? Maeneo hayo matatu hukupa habari za neva kuu tatu za mkono: ya kati, ya ulna na ya radiasi. Mwisho, je, maumivu ni makali kupita kiasi, yanazidi kila dakika, na yanapanda ukimnyoosha vidole taratibu wewe mwenyewe? Hiyo inaweza kuwa shinikizo ndani ya misuli ya mkono. Hali hiyo huua misuli kwa saa chache, na inahitaji daktari wa upasuaji mara moja.

Ukipata lolote kati ya hayo, acha kukadiria. Mpeleke. Kama mkono umepinda waziwazi, ufunge kwa gango kama ulivyo, mpe dawa ya maumivu, uuinue juu ya usawa wa moyo, na asile wala kunywa mpaka ijulikane kama anahitaji usingizi wa dawa.

Msomaji ambaye si mhudumu wa afya aishie hapa: pete zivuliwe, mkono ufungwe usichezecheze, uinuliwe, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Asivutwe wala kukandwa na mtu.

Hatua ya 2: Mpe nafasi aeleze alivyoanguka

Watu wengi huharakia kubonyeza. Mimi naamini nusu ya ukadiriaji iko katika historia, kwa sababu umri na namna ya kuumia hukuambia ni mfupa upi wa kuutafuta.

Mwanamke aliyevuka miaka 50 akateleza akiwa amesimama, akaangukia kiganja: shaka yako ya kwanza iwe ncha ya chini ya radiasi, ule mfupa mnene wa upande wa kidole gumba. Baada ya hedhi kukoma mifupa hupoteza uzito wake, na sehemu hiyo ya radiasi ina mfupa wa ndani wenye vitundu vingi na ganda jembamba. Anguko la kawaida kabisa linatosha kuuvunja. Abraham Colles aliueleza mvunjiko huu huko Dublin mwaka 1814, miaka 81 kabla Wilhelm Röntgen hajagundua eksirei, kwa kutumia macho na vidole vyake tu. Ni vizuri kulikumbuka hilo kila tunapodhani kwamba bila mashine hatuwezi kujua kitu.

Kijana wa kiume wa miaka 20 aliyeanguka kwa kasi kwenye mchezo au kwenye pikipiki: mfupa wake wa radiasi ni imara, na nguvu inaweza kupita hadi kwenye vifupa vidogo vya kifundo. Hapo shaka iende kwa skafoidi, kifupa kilicho chini ya kidole gumba. Ndicho kinachovunjika mara nyingi kuliko vifupa vyote vinane vya kifundo. Kwa kijana huyu kifundo kinaweza kuvimba kidogo tu, na akakuambia mwenyewe kwamba “ni kuteguka”.

Aliyeumia akishika raketi, rungu la gofu au usukani, na anaumia upande wa kidole cha mwisho ndani ya kiganja, huenda amevunja ndoano ya hamati, kifupa cha kifundo cha upande huo. Aliyeanguka kutoka juu au kugongwa na gari, kifundo kikavimba pande zote na vidole vikaanza ganzi, afikiriwe mapema kuwa lunati, kifupa cha katikati ya kifundo, na vifupa vinavyoizunguka vimehama mahali pake. Nitarudi kwa huyu, kwa sababu hukosewa sana.

Uliza pia: aliumia lini hasa? Mkono upi anautumia zaidi, na anafanya kazi gani? Aliwahi kuuvunja kabla? Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au za steroidi kwa muda mrefu? Na je, anaweza kuyahisi maumivu vizuri? Aliyelewa, aliyechanganyikiwa, mwenye kisukari kilichoharibu neva, au mwenye jeraha jingine kubwa linalomuuma zaidi, uchunguzi wake hautegemeki. Kwa hao nasema bila kusita: wapigwe picha.

Hatua ya 3: Tazama kabla ya kugusa

Weka mikono yote miwili juu ya meza, mzima kando ya ulioumia. Bila ule mzima, uvimbe mdogo hautauona.

Umbo lililopinda ndilo lenye uzito kuliko yote. Kiganja kikiwa kimesukumwa kuelekea mgongo wa mkono, kikafanya ule mpindo uitwao umbo la uma, huna haja ya kuendelea kubonyeza. Kazi ya picha hapo ni kuonyesha umevunjikaje. Mpindo wa upande wa kiganja, alioueleza Robert Smith mwaka 1847, ni nadra zaidi, na mara nyingi hautulii kwa plasta peke yake.

Uvimbe peke yake hutabiri kidogo. Ligamenti, ule mkanda unaofunga mfupa kwa mfupa, ikichanika huvimba pia. Lakini angalia umekaa wapi: mwambie anyooshe kidole gumba kwa juu, uone kile kishimo kinachotokea kati ya kano mbili upande wa gumba. Kikiwa kimejaa na kutoweka huku cha mkono mzima kikionekana, andika. Michubuko ya rangi ya zambarau inayotokea siku ya pili upande wa kiganja nayo huongeza shaka.

Hatua ya 4: Kidole kimoja, mahali pamoja kwa wakati

Mwambie mgonjwa: “Nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma zaidi.” Kisha anza kubonyeza mbali na hapo na umalizie hapo. Ukianzia panapouma, misuli itakaza na kila mahali patauma.

Bonyeza kwa ncha ya kidole chako, siyo kwa kiganja. Lengo ni kujua mfupa upi. Pita hivi: anza kwenye kiwiko, hasa kichwa cha radiasi, kwa sababu nguvu inaweza kuvunja huko pia na kuchana utando unaounganisha radiasi na ulna, mfupa mwenzake wa upande wa kidole cha mwisho. Shuka taratibu kwenye mifupa miwili. Fika ncha ya radiasi, mgongoni na upande wa gumba. Maumivu yaliyokaa hasa juu ya mfupa, sentimita mbili hivi juu ya kiungo, yana uzito zaidi kuliko maumivu ya kwenye mstari wa kiungo. Geukia ncha ya ulna, ubonyeze pia kiungo cha chini kati ya mifupa hiyo miwili: radiasi ikivunjika katikati, kiungo hiki kinaweza kuachia bila mtu kukiona.

Sasa vifupa vidogo. Katikati ya mgongo wa kifundo, kidogo tu chini ya ncha ya radiasi, ndipo skafoidi na lunati zinapokutana. Maumivu hapo yaweza kuwa ya ligamenti inayoziunganisha. Upande wa kidole cha mwisho, mgongoni, kuna trikwetramu, kifupa cha pili kwa kuvunjika miongoni mwa vifupa vya kifundo. Ndani ya kiganja, chini ya kidole cha pete na cha mwisho, kuna ndoano ya hamati.

Skafoidi inastahili muda wake. Ina vipimo vitatu, na vyote vifanywe.

Cha kwanza ni kubonyeza kile kishimo cha upande wa gumba, mkono ukiwa umelazwa kidogo kuelekea kidole cha mwisho. Cha pili ni kubonyeza kinundu cha skafoidi upande wa kiganja: kunja kifundo kidogo kuelekea mgongoni, utahisi kinundu kigumu pale mkunjo wa kifundo unapokutana na msingi wa gumba. Cha tatu ni kushika kidole gumba na kukisukuma taratibu kuelekea kifundo kwa mstari wa mfupa wake. Kila mara linganisha na mkono mzima, kwa sababu kile kishimo huuma kidogo hata kwa mtu asiye na tatizo: tawi la neva ya radiasi hupita hapo.

Hatua ya 5: Mwache autumie mkono

Usimlazimishe, mwombe tu. Akunje kifundo juu na chini, alaze kulia na kushoto, ageuze kiganja kitazame juu kisha chini. Kugeuza kiganja kukimuuma sana, radiasi au kiungo chake na ulna vimeguswa. Mwambie abane kidole gumba na cha shahada kama anayeshika kalamu, kisha akushike vidole viwili kwa nguvu. Mshiko dhaifu sana ukilinganisha na mkono mzima huongeza shaka, na mshiko wa kawaida kabisa huipunguza.

Akiwa na umbo lililopinda, ruka hatua hii. Kumwumiza hakutakuongezea habari.

Hatua ya 6: Kusanya, kisha kadiria

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kwa kifundo cha mguu kuna kanuni za Ottawa, zilizotolewa mwaka 1992, ambazo mtu huzikariri kwa dakika tano: bonyeza sehemu chache, muulize kama anaweza kutembea hatua nne. Kifundo cha mkono hakijapata kanuni rahisi kiasi hicho, na sababu zake zinaeleweka. Mkono haubebi mwili, kwa hiyo hakuna jaribio la kutembea. Vifupa ni vingi na vimebanana. Na skafoidi iliyovunjika inaweza kumruhusu mtu aendelee na kazi kwa siku kadhaa.

Jaribio kubwa la kuziba pengo hilo ni kanuni za Amsterdam, zilizochapishwa mwaka 2015 kutokana na wagonjwa wazima wa hospitali za Uholanzi. Zinaunganisha mambo kama umri, uvimbe, umbo lililopinda, maumivu ya kubonyeza radiasi na maumivu ya mijongeo, kila moja likiwa na uzito wake, kisha zinatoa uwezekano wa mvunjiko. Unyeti wake ulikuwa karibu asilimia 98, maana yake waliovunjika karibu wote walinaswa. Umahususi ukawa mdogo: wengi wasiovunjika nao waliambiwa wapigwe picha. Funzo ninalolichukua ni kwamba hata kwa hesabu nzuri, watakaoweza kuachwa bila picha kwa usalama ni wachache. Anayekuambia anatambua kwa macho asiyehitaji picha anajiamini mno.

Kwa skafoidi, tazama jinsi dalili zikikusanywa zinavyobadilisha picha nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulipima vipimo vile vitatu. Kila kimoja kilikuwa na unyeti wa asilimia 100, lakini umahususi ulikuwa asilimia 9 kwa kishimo, 30 kwa kinundu, na 48 kwa kusukuma gumba. Vyote vitatu vilipokuwepo kwa pamoja ndani ya saa 24 za mwanzo, umahususi ulipanda hadi 74.

Tuiweke katika watu. Chukua mfano wa wagonjwa 100 wanaoshukiwa, 20 kati yao wakiwa wamevunjika kweli. Ukitumia kishimo peke yake, utawanasa wote 20, na kuwatia hofu wengine 73 ambao hawajavunjika. Katika watu 93 wenye dalili, mwenye mvunjiko ni mmoja kati ya karibu watano. Ukidai vipimo vyote vitatu viume, utawanasa wale 20 na wengine kama 21. Sasa mwenye dalili amekaribia uwezekano wa nusu kwa nusu. Mashine haijaongezwa hata moja. Umebonyeza mahali pawili zaidi.

Faida ya upande wa pili ni kubwa vilevile: vipimo hivyo vikiwa na unyeti wa juu namna hiyo, vikikosekana vyote vitatu kwa mgonjwa anayehisi vizuri, skafoidi unaweza kuiondoa kwenye orodha kwa moyo mtulivu. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2012, uliongeza kipimo rahisi: kulaza kifundo kuelekea kidole cha mwisho. Wagonjwa ambao hawakusikia maumivu kwenye kishimo kwa kufanya hivyo ndani ya saa 72 hawakuwa na mvunjiko wa skafoidi. Jinsia ya kiume, kuumia michezoni, maumivu ya kubana gumba na shahada, na kinundu kinachouma wiki mbili baadaye, vyote viliongeza hatari. Zilipokutana dalili nne zenye uzito kwa mtu mmoja, hatari ilifika asilimia 91.

Ukitaka hesabu ya kubeba kichwani, kuna alama zilizopendekezwa na watafiti wa Norway mwaka 2014. Maumivu ya kishimo mkono ukiwa umelazwa kuelekea kidole cha mwisho: alama 3. Maumivu ya kinundu: alama 2. Maumivu ya kusukuma gumba: alama 1. Zikifika 4 au zaidi, mgonjwa ahesabiwe kuwa anashukiwa kwa dhati hata picha ya kwanza ikiwa safi. Naipenda kwa sababu inakulazimisha ufanye vipimo vyote na kuviandika.

Hatua ya 7: Nani apigwe picha

Msimamo wangu ni huu. Apigwe picha mwenye umbo lililopinda, anayeumia mfupa wenyewe ukibonyezwa popote, mwenye dalili yoyote ya skafoidi, asiyeweza kushika kitu au kugeuza kiganja, aliyeanguka kwa nguvu kubwa, aliyevuka miaka 50 akiwa na uvimbe na maumivu ya radiasi, na yule ambaye uchunguzi wake hautegemeki.

Anayebaki ni mtu mwenye maumivu madogo ya jumla, bila umbo lililopinda, bila mfupa unaouma ukibonyezwa, bila dalili hata moja ya skafoidi, anayegeuza kiganja na kushika vizuri. Huyo anaweza kwenda bila picha, kwa sharti moja: ajue siku ya kurudi kama hajapata nafuu ndani ya siku saba hadi kumi.

Mahali ambapo eksirei iko mbali, mashine ndogo ya ultrasaundi mikononi mwa aliyefunzwa huonyesha ukingo wa radiasi uliokatika vizuri sana. Kwa skafoidi usiitegemee.

Hatua ya 8: Omba picha sahihi, uisome kwa utaratibu

Picha mbili ni za lazima: ya mbele na ya upande. Ukishuku skafoidi, iandike hiyo shaka kwenye fomu na uombe picha za ziada za skafoidi, mojawapo kifundo kikiwa kimelazwa kuelekea kidole cha mwisho. Mkao huo huinyoosha skafoidi, na ufa uliojificha huweza kujitokeza. Mpiga picha asipoambiwa, hatapiga.

Kwenye picha ya mbele, fuata kingo za radiasi zote. Mteremko wake kuelekea ulna huwa karibu nyuzi 22, na ncha yake hushuka kuliko ulna kwa milimita 11 au 12. Kisha chora kwa macho mipinde mitatu laini inayopita kwenye safu za vifupa. Mpinde ukikatika, kuna kifupa kilichohama au kuvunjika. Nafasi kati ya skafoidi na lunati ikizidi milimita 3, shuku ligamenti iliyochanika.

Picha ya upande ndiyo watu huipita haraka, na humo ndimo makosa mazito hufichwa. Uso wa radiasi huinama kuelekea kiganja kwa karibu nyuzi 11. Ukielekea mgongoni, umevunjika hata kama ufa hauuoni. Kipande kidogo kinachoelea mgongoni mwa vifupa mara nyingi ni cha trikwetramu. Halafu thibitisha kwamba radiasi, lunati na kapitati, kifupa kinachofuata mbele ya lunati, zimekaa kwenye mstari mmoja. Huyu ndiye yule mgonjwa niliyemwahidi: vifupa vilivyohama kuizunguka lunati hukosekana kwenye uchunguzi wa kwanza kwa karibu robo ya wagonjwa, na neva ya kati inaendelea kubanwa wakati mtu ametumwa nyumbani na bendeji. Ukiona mstari umevunjika, mwite daktari wa mifupa siku hiyohiyo.

Hatua ya 9: Picha ni safi, mkono bado unauma

Nataka usome sehemu hii kwa makini kuliko nyingine zote.

Picha za kwanza hukosa asilimia 10 hadi 20 ya mivunjiko ya skafoidi. Ufa usiohama ni mwembamba, na miale isipopita sawa na mwelekeo wake hautaonekana. Kwa hiyo picha safi hushusha shaka, lakini haiifuti. Kama kabla ya picha ulikuwa na shaka ndogo, sasa imekuwa ndogo sana. Kama ulikuwa na shaka kubwa, imebaki ya kutosha kuuharibu mkono wa mtu.

Uharibifu huo unatokana na damu. Sehemu kubwa ya skafoidi, asilimia 70 hadi 80, hulishwa na mishipa inayoingilia mgongoni mwake kisha damu ikarudi nyuma kuelekea ncha iliyo karibu na radiasi. Ufa ukikata kiunoni mwa kifupa, ncha hiyo hukatiwa chakula. Inaweza isiunge, inaweza kufa, na baada ya miaka kifundo kizima kikaingia baridi yabisi ya kuchakaa. Matibabu yakichelewa kupita wiki nne, hatari ya kutounga huongezeka. Kijana wa miaka 20 hubaki na hasara hiyo katika miaka yote ya kufanya kazi.

Njia bora ni MRI, yaani picha ya sumaku, ndani ya siku chache, kwa kuwa huonyesha hata mfupa uliochubuka ndani. CT skani, eksirei inayoonyesha mfupa tabaka kwa tabaka, huonyesha vizuri ufa na kiasi cha kuhama, ingawa ufa usiohama kabisa unaweza kuiponyoka. Kama hakuna hata moja, funga mkono kwa gango au plasta, kisha mwite baada ya siku 10 hadi 14 umchunguze upya na kupiga picha tena. Kufikia hapo kingo za ufa huanza kufyonzwa na mstari huonekana vizuri zaidi. Muhimu kuliko picha ya pili ni kubonyeza kwa mara ya pili: uvimbe wa jumla umepungua, kwa hiyo kinundu kinachoendelea kuuma kina maana kubwa kuliko siku ya kwanza.

Wengi wa wanaofungwa kwa shaka huthibitika kuwa hawajavunjika. Waeleze hivyo mapema, ili wasione wamefungwa bure, na wasivue gango siku ya nne kwa kuwa maumivu yamepungua. Maneno yanayofaa ni ya wazi: “Picha haionyeshi ufa. Lakini mfupa ninaoushuku hujificha kwenye picha za mwanzo, na ukiachwa hauungi. Nakufunga kwa wiki mbili, kisha tutaujua ukweli.” Hakikisha anaondoka na tarehe iliyoandikwa.

Hatua ya 10: Andika, na umtume nyumbani salama

Andika mkono upi, saa ya kuumia, namna ya kuanguka, hali ya neva na damu kabla na baada ya kufunga, na matokeo ya kila kipimo, yakiwemo yasiyouma. “Kifundo kinauma” hakumsaidii atakayemwona baada ya wiki mbili. “Kishimo ndiyo, kinundu ndiyo, gumba hapana, alama 5” kunamsaidia.

Saa za mwanzo uvimbe bado unaongezeka, kwa hiyo gango lisiloziba mzunguko mzima ni salama kuliko plasta ya duara. Vidole viachwe huru na avichezeshe kila saa. Alale mkono ukiwa juu ya mto. Arudi usiku huohuo, bila kungoja tarehe, endapo vidole vitapoteza rangi au kuwa baridi, ganzi itaanza au kuongezeka, au maumivu yatazidi badala ya kutulia.

Na kwa aliyevuka miaka 50 ambaye radiasi yake imevunjika kwa anguko la kusimama tu, kazi haijaisha plasta ikikauka. Mvunjiko huo mara nyingi ndio unaotangulia ule wa uti wa mgongo na wa nyonga. Mpe rufaa ya kupimwa uzito wa mifupa, pitia dawa zake zinazoleta kizunguzungu, muulize kuhusu macho yake na taa za njia anayopita usiku, na uiandike rufaa hiyo kwenye karatasi ileile ya kurudi kutolewa plasta.